Doa la Rangi ya Kucha

Kimara Korogwe,
3 Juni 2024.

Kwa Bwana Nurdin,
Duka la Vifaa vya Kompyuta,
Buguruni.

YAH: SKRINI ZAKO MBILI NA LAPTOP YAKO MOJA

Salamu sina. Husika moja kwa moja na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchoraji wa ramani za viwanja. Kampuni moja ya upimaji imenipa kazi ya kuchora ramani ya urasimishaji ya mtaa wetu, nyumba mia nne na kumi na mbili zilizojengwa miaka yote bila mpango, ili kila mwenye nyumba apate hati yake. Nimetembea mtaa mzima na mjumbe, ndege isiyo na rubani ikapita juu ikapiga picha, na sasa nakaa sebuleni kwangu nachora mipaka juu ya picha hiyo. Picha ni kubwa na mambo yake ni madogo. Ukiikuza uone ukuta wa mtu, unampoteza jirani yake. Ukiipunguza umpate jirani, ukuta unageuka ukungu. Ndiyo maana nilitaka skrini mbili kubwa za 4K, moja ya picha, moja ya mchoro, na laptop yenyewe ibaki na orodha ya majina. Nilimweleza kaka yangu Audax neno kwa neno, naye akaja dukani kwako mwezi wa tatu kwa sababu anasema mnafahamiana.

Nilipounganisha nyumbani, lile boksi lako la doking, la kuunganishia skrini na laptop, likawasha taa yake vizuri, kipanya kikafanya kazi, na skrini zote mbili zikaniandikia kwamba hakuna mawimbi. Nikachomeka waya wa HDMI moja kwa moja kwenye laptop. Skrini moja ikawaka, kwa maandishi manene kama ya televisheni ya kinyozi. Ya pili haikuwaka kabisa. Nikanunua kigawanyio cha waya huo hapa Kimara, na hapo ndipo zikawaka zote, zikionyesha kitu kile kile, na ukungu ule ule. Nimefanya kazi miezi miwili nikiwa na skrini mbili zinazosema neno moja.

Matokeo yake ni haya. Tarehe 27 Mei ramani ilibandikwa ofisi ya Serikali ya Mtaa wananchi waikague. Siku ya tatu Bibi Mauwa, mjane wa watu, akaweka pingamizi. Njia ya mita nne niliyoichora imepita juu ya kaburi la mumewe, lililoko uani kwake. Juu ya kaburi, Bwana Nurdin. Kwenye skrini zako halikuonekana. Nimepewa hadi tarehe 28 Juni kurekebisha, la sivyo ramani yote inakataliwa, kazi anapewa mwingine, na mama wa watu anabaki na barabara juu ya marehemu wake.

Ulijua unachouza. Ulimuona kaka yangu ni mtu wa ofisini, shati limenyooka, ukampakizia takataka. Wewe ni tapeli, na nimeliandika neno hilo kwa herufi za kawaida ili usije ukasema hukuliona. Nataka vifaa vinavyofanya kazi ndani ya siku saba.

Auleria Kokugonza

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Nakala nyingine nimeibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya ramani, ili watu wajue kosa limetoka wapi.



Buguruni,
5 Juni 2024.

Dada Auleria,

Waalaikum salaam, kwa salamu ambayo hukuitoa.

Barua yako niliipata jana saa nne asubuhi, lakini nilikuwa nishaisoma juzi. Kuna mtu wa huko kwenu aliipiga picha ubaoni akairusha kwenye kundi la wafanyabiashara. Nimefungua duka, jirani yangu wa chaja ananiita tapeli kwa kucheka. Mteja wa pili hakucheka, aligeuza akaondoka. Mie nina miaka kumi na moja Buguruni. Sijawahi kubandikwa ukutani.

Sasa nisikilize, maana wewe umeongea sana.

Kaka yako alikuja Jumamosi. Nilimuuliza dada anafanyia nini, akasema mambo ya ramani. Nikamwambia braza, skrini mbili za 4K sio kila laptop inazibeba. Tundu la Type-C lina sura moja lakini kazi mbalimbali. Liko la kuchaji na kupitisha mafaili tu, na liko linalopitisha picha. Ukichomeka doking kwenye lile la kwanza, itakuwashia taa na kipanya, picha hupati hata usome dua. Nikampa laptop yenye tundu la picha, ina alama ndogo ya radi pembeni. Nikaiunganisha na doking, nikaunganisha skrini zote mbili, mbele ya macho yake. Kila skrini na chake. Moja niliweka mpira, nyingine ramani ya Dar nzima, kwenye laptop nikaacha bei zangu. Zikakaa hivyo nusu saa, yeye anakunywa soda yangu. Wenzangu wanajaribugi kimoja kimoja. Mie najaribu vyote kwa pamoja, kwa sababu vitu vinavyofanya kazi kila kimoja peke yake havikuhakikishii kwamba vitaelewana.

Hayo unayoyaeleza, taa inawaka na picha hakuna, ni laptop yenye tundu la kuchaji tu. Hiyo sikuuza.

Na usiniamini kwa maneno. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago Mwenge, na chini ya kila kinyago alikuwa anaweka mkato wake wa kisu, ili kikirudi na malalamiko ajue ni chake au cha jirani. Mie sina kisu, nina rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu. Kila kitu kinachotoka dukani kwangu kina doa. Geuza skrini, angalia karibu na tundu la umeme. Geuza doking. Halafu geuza laptop, angalia skrubu ya kona ya kushoto. Kama doa lipo, nitakuja Kimara mwenyewe na hela yako mkononi na nitaomba radhi kwa magoti. Kama halipo, hiyo sio laptop yangu, na utanitafutia neno lingine la kuniita.

Na ile karatasi ubaoni ukaitoe.

Nurdin



Kimara Korogwe,
7 Juni 2024.

Kwa Mchoraji,

Mimi ni Mauwa. Hii inaandikwa na jirani yangu Tekla, mwalimu, maana macho yangu hayasomi tena maandishi madogo. Maneno ni yangu, nimemwambia asiyapambe.

Nilikwenda ofisi ya mtaa kuuliza habari ya pingamizi langu. Nikakuta watu wamesimama ubaoni wanasoma, mmoja anacheka. Nikamwomba Tekla anisomee. Kumbe ni wewe, unagombana na mwenye duka Buguruni, na mume wangu umemweka katikati. Kaburi lake umelifanya ushahidi wa biashara yako. Hukuniomba. Jina langu limebandikwa pale na watu nisiowajua wananiuliza barabarani, bibi, hivi ni kweli umezika uani.

Ni kweli. Nilimzika uani mwaka tisini na nane, eneo hili likiwa mihogo, wakati wewe labda ulikuwa unajifunza kusoma. Kila mwaka kabla ya Idd napaka chokaa. Aliyetaka kuliona ameliona.

Nina neno moja la kukuuliza. Umeandika kwamba umetembea mtaa mzima na mjumbe. Kwangu hukufika. Siku ile ilikuwa ya tope, ulisimama na mjumbe Ansbert kule juu kwenye lami, yeye akaonyesha kwa mkono, wewe ukaandika. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikupungia nikadhani unashuka. Ulipunga na wewe, ukaondoka.

Skrini sijui mambo yake. Najua hukushuka.

Mauwa
(Imeandikwa na Tekla)



Kimara Korogwe,
8 Juni 2024.

Kaka Audax,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanipandia juu. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, na kila mara unaimalizia vibaya. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Nimezigeuza skrini kama Nurdin wa Buguruni alivyoniambia, maana kila anachouza hukitia doa la rangi. Kila moja ina doa jekundu karibu na tundu la umeme, dogo, limekauka vizuri. Nimegeuza doking, lina doa. Nimegeuza laptop, nikafuta skrubu zote kwa kitambaa chenye spiriti, nikamulika kwa tochi ya simu. Hakuna doa. Kona ya kushoto kuna mkwaruzo tu, na gundi ya stika iliyobanduliwa, stika ya duara. Nimekaa nikaitazama ile duara mpaka nikakumbuka. Laptop yako ya ofisini ilikuwa na stika ya duara hapo hapo.

Namba iliyoko kwenye boksi la laptop si namba iliyoko chini ya laptop. Nilipaswa kuliona hilo tangu mwezi wa tatu, ila nani analinganisha namba za kitu alicholetewa na kaka yake wa tumbo moja.

Nilikupa hela yangu, Kaka. Nilikueleza hatua kwa hatua ninavyofanya kazi. Ukaniambia niache, wewe unafahamu mambo ya kompyuta na wauzaji wa Buguruni wanamwonea mwanamke. Mimi nikamtukana mtu asiye na kosa, nikambandika ukutani kama mwizi wa kuku, kwa sababu haikunijia kwamba mwizi anaweza kuwa mtu niliyempikia chai alipoleta mzigo.

Nakuomba ufanye jambo moja tu. Geuza laptop iliyoko kwako. Niandikie unachokiona kwenye skrubu ya kona ya kushoto. Usiniandikie kitu kingine.

Bibi Mauwa na kaburi la mumewe wana siku ishirini.

Auleria



Mbweni,
11 Juni 2024.

Mdogo wangu Auleria,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa masikitiko. Sikutarajia lugha ile kutoka kwa mtu niliyemsomesha kidato cha tano na cha sita. Mama angekuwepo angelia.

Kwanza, wafanyabiashara wa sokoni wana maneno mengi. Leo atakwambia doa la rangi, kesho atakwambia hirizi. Mtu msomi kama wewe kukimbilia kugeuza laptop chini juu kwa kuambiwa na muuza chaja ni jambo la aibu.

Pili, laptop ni laptop. Zote zina kibodi, zote zina skrini, zote zinaingia intaneti. Niliyokuletea ni nzima, haijawahi kufunguliwa, betri inakaa saa tatu. Nimeitumia mwenyewe, yaani naifahamu aina hiyo, na haijawahi kunisumbua. Wewe kazi yako ni kuchora mistari. Mistari haihitaji mitambo ya kurusha roketi.

Tatu, huku Mbweni mambo si rahisi kama mnavyodhani nyie wa Kimara. Nyumba mpya ni mzigo. Wameniibia nondo mara mbili, wameniibia pampu ya kisima, wamekata waya wa fensi. Imebidi niweke kamera nane, na kamera ukizitazama kwenye skrini mbovu huwezi kutambua sura ya mtu. Haya ni mambo ya usalama wa familia, wewe unaishi peke yako huwezi kuyaelewa.

Nne, kuhusu huyo bibi, wafuate wazee wa mtaa mzungumze naye. Watu wa pwani wanapenda mazungumzo.

Wifi yako Noela anakusalimu. Jumapili njoo ule.

Kaka yako,
Audax



Kimara Korogwe,
12 Juni 2024.

Audax,

Umeandika mambo manne, kurasa mbili, na doa hukulitaja.

Basi nitakusaidia kuandika. Uliifungua laptop yangu, ukaipenda. Ukaunganisha na televisheni yako ya ukutani na skrini nyingine ili kamera zako nane zionekane vizuri, geti, tangi, banda la kuku. Ukachukua laptop yako ya zamani, ukabandua stika, ukaifuta, ukaiweka kwenye boksi langu, ukaipanga na karatasi zake na nailoni yake, ukaniletea. Nikakushukuru. Nilikufungia na ndizi za kupeleka nyumbani.

Wewe ambaye unakesha unatafuta sura ya mwizi, kamera moja igeuze ikutazame.

Na usinitajie Mama. Umenisomesha kidato cha tano na cha sita, ni kweli, na kila mwaka tangu hapo umekuwa ukijilipa mwenyewe bila kuniuliza. Shamba la kahawa ulisema utaliangalia, ukaliangalia mpaka likawa lako. Kitanda cha Baba ulisema unakihifadhi. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa. Safari hii sinyamazi, kwa sababu safari hii hukuninyang'anya mimi peke yangu. Umesukuma barabara juu ya mtu aliyelala.

Nataka laptop yangu Jumapili. Chakula chako kula.

Auleria



Mbweni,
15 Juni 2024.

Auleria,

Noela amesoma barua yako kabla yangu. Aliikuta mezani. Tangu juzi anapika, anaweka sahani, anakwenda chumbani. Amegeuza laptop mwenyewe. Kwa hiyo umefanikiwa.

Doa lipo. Jekundu.

Sikukuibia. Usitumie neno hilo. Mtu hawezi kumwibia mdogo wake, vitu vya nyumba moja vinazunguka. Niliziona zinafanana, rangi moja, ukubwa mmoja, nikasema kwa matumizi yako hii itatosha. Nilijua hutajua tofauti. Kama usingeandikiana na yule mtu wa Buguruni usingejua mpaka leo, na tungekuwa tunakula wote Jumapili.

Noela ataileta kesho baada ya misa. Mimi sitakuja. Iliyoko kwako mpe airudishe, kamera hazina pa kuonekana.

Audax



Kimara Korogwe,
18 Juni 2024.

Kaka Nurdin,

Assalaam alaikum, na Idd iliyopita iwe ya kheri kwako na kwa mkeo mwenye rangi ya kucha.

Laptop yako ilirudi juzi. Haikuwa na kosa, na wewe hukuwa na kosa. Aliyeibadilisha ni kaka yangu. Mkewe ndiye aliyeileta, hakukaa hata maji kunywa, akaniambia wifi nisamehe, nikamwambia wewe huna la kusamehewa. Nimechomeka doking kwenye tundu lenye alama ya radi na skrini zote mbili zikawaka kabla sijavuta kiti. Pamoja na ya laptop ni tatu, kila moja na chake. Herufi ni nyembamba mpaka nikasogeza uso. Nimeona matofali ya ukuta wa jirani yangu moja moja.

Ile barua nimeiondoa ubaoni. Mahali pake nimebandika hii:

"Mimi Auleria Kokugonza, mchoraji wa ramani ya mtaa huu, nilimwita Bwana Nurdin wa Buguruni tapeli. Si kweli. Aliuza kitu kizima, alikijaribu, alikitia alama. Kitu kilibadilishwa na mtu wa familia yangu. Niliandika kabla ya kuuliza. Namwomba radhi hapa hapa nilipomtukania."

Nimempa mwenyekiti aigonge muhuri. Yule aliyepiga picha ya kwanza nimemtafuta, nimemsimamia mpaka akapiga na hii akaituma kwenye kundi lilelile.

Najua haitoshi. Nimekasirika hata sasa ninapoandika, na hasira yenyewe haijui tena pa kwenda.

Auleria



Buguruni,
20 Juni 2024.

Dada Auleria,

Salaam nimepokea, na tangazo nimelipata kwenye kundi. Nimelichapisha nikalibandika juu ya droo ya hela. Jirani wa chaja amelisoma mara mbili, safari hii hakucheka. Mteja aliyegeuza hajarudi na hatarudi, huyo nimemsamehe, ila kwako wewe mie bado nina kinyongo kidogo, nisikudanganye. Kitaisha.

Kaka yako sitaki kumsikia. Alikunywa soda yangu.

Lakini kuna jambo sijalielewa, na nimeisoma barua yako kwa makini. Umeniandikia umeona matofali ya jirani moja moja. Barua ya kwanza yote ulilia kaburi, kaburi, kaburi. Hii ya pili hujalitaja. Sasa hivi una skrini nzuri. Unaliona?

Nurdin



Kimara Korogwe,
21 Juni 2024.

Bibi Mauwa,

Shikamoo.

Namwomba Mwalimu Tekla akusomee hii pole pole, na asiruke neno.

Skrini zangu sasa ni nzima. Kitu cha kwanza nilichofanya zilipowaka ni kutafuta ua wako. Nimekuza picha mpaka nikaona kamba yako ya kuanikia nguo na kivuli chake. Nimeliona. Ni mstatili mweupe wa chokaa, umejengewa vizuri, unang'aa. Kwa siku tano nimekuwa nikiutazama, na leo mwenye duka ameniuliza kama naliona, na jibu naliandika kwako.

Ningekuwa na skrini hizi tangu mwezi wa tatu, nisingechora kaburi. Ningechora karo la maji machafu. Kutoka juu, mstatili wa saruji uani ni kifuniko cha karo, nimechora mia mbili za aina hiyo mtaani humu. Na karo linahamishika, kwa hiyo njia ningeipitisha palepale. Hakuna skrini duniani ambayo ingeniambia nani amelala hapo. Ungeniambia wewe, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimesimama uani kwako na majirani wako pande zote nne, ndivyo sheria ya kazi yetu inavyosema mipaka itembewe.

Sikushuka. Uliyosema ni kweli. Kulikuwa na tope, nilikuwa na viatu vya kitambaa, na Ansbert alisema nyumba za bondeni zote anazijua. Nyumba kumi na nne za uchochoro wenu nimezichora kwa kidole cha Ansbert. Kisha nikajaza fomu kwamba nimetembea zote, nikatia sahihi. Ulivyonipungia nilikuona. Nilijua unaniita.

Ulipoweka pingamizi, ndani ya siku nne nilikuwa nimempata wa kulaumiwa. Nimemtukana mwenye duka, naye hakuwa na kosa. Nimemtukana kaka yangu, naye kosa analo na sijamsamehe. Lakini kosa lake amenikosea mimi. Ulilokosewa wewe ni langu. Barua yako ya tarehe saba niliisoma mara moja nikaiweka chini ya kibodi, kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho nilikuwa natafuta mtu wa kukibeba badala yangu.

Kaka yangu ameniandikia sentensi moja ambayo ilinifanya nirushe kikombe ukutani. Aliandika, nilijua hutajua tofauti. Nimekuwa nikiisoma kila siku ili hasira isipoe. Jana nikaisoma na fomu yangu yenye sahihi iko pembeni yake mezani, na nikaona ni sentensi yangu. Nilichora ua wako nikiwa nimekaa sebuleni, nikasema bibi mzee, haoni vizuri, hatajua tofauti.

Leo nimeiandikia kampuni kwamba fomu ile ina uongo wa nyumba kumi na nne. Wanaweza kuninyang'anya kazi kabla ya tarehe 28, na watakuwa na haki. Ila kabla hawajanijibu naomba nije kwako kesho Jumamosi asubuhi. Nitakuja kwa miguu na fimbo za kupimia, nianzie nyumba ya kwanza ya uchochoro mpaka ya kumi na nne. Njia nitaihamisha mbele yako, na utaniambia isimame wapi.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua. Nimeona barua zinavyobeba uongo.

Auleria



Kimara Korogwe,
21 Juni 2024, jioni.

Mchoraji,

Marahaba.

Tekla amenisomea. Hakuruka. Alipofika kwenye karo alisimama, nikamwambia endelea.

Kesho njoo saa moja. Majirani wote wanne nimeshawaambia, na yule wa upande wa chini ana maneno mengi, umwache amalize. Ansbert asije. Vaa viatu vinavyoshika chini, huku bado panateleza. Hizo skrini uziache nyumbani.

Nitakuwa mlangoni, palepale. Nikikupungia, ushuke.

Mauwa
(Imeandikwa na Tekla)